Tuliposhushwa Baharini, Mimi na Mavyaa

Hicho chombo chenyewe, wacha niseme mapema, kilikuwa kibaya cha sura. Siku hizi watu wakizungumza habari za vyombo vya kwendea chini ya bahari hutoa macho, utadhani wamemwona Buraki. Mimi nilikiona pale Likoni kimewekwa juu ya tishari, lile jahazi bapa la kubebea shehena, na wallahi sikuona cha ajabu. Chungu cha chuma, cha mviringo, kina vijidirisha viwili vya kioo kinene vilivyotokeza nje kama macho ya chura. Ubavuni palikuwa na tundu la kuingilia ambalo hata mbuzi mnono angelikataa. Juu kilifungwa kamba ya waya, na ubavuni mwa ile kamba ukapita uzi wa simu. Mzungu mwenyewe alikuwa na jina refu la kukiita, lakini sisi tukakiita chungu, na jina likakaa.

Mzungu huyo alikuja vita vilipokwisha, eti kuchunguza yaliyoko chini ya bahari nje ya mwamba. Alikuwa mwembamba, mwekundu, magoti yamembabuka kwa jua, na kila alipopandishwa na chungu chake aliwakusanya vibarua awaeleze alichokiona. Na alichokiona ni nini? Samaki! Watu wa Likoni walioota meno kwa supu ya samaki wasimamishwe juani waambiwe habari za samaki. "Leo nimeona mkunga mkubwa," asema, mkono kifuani. Angeniuliza mimi ningemwonyesha mkunga sokoni, amekatwa vipande, bila yeye kujifungia ndani ya chuma.

Mimi hali yangu wakati huo haikuwa na jina. Mume wangu alikuwa na mashua ndogo, akipakia mapapai, mayai na ndizi, akienda kuwauzia mabaharia wa meli zilizotia nanga nje zikingoja nafasi ya kuingia Kilindini. Asubuhi moja ya kusi bahari ilichafuka, nikamwambia ngoja kwanza, akaniambia mayai hayangoji. Hakurudi. Hakuonekana yeye, wala kasia, wala papai moja lililokuja pwani. Sasa ulikuwa umeingia mwaka wa tatu, nami si mke, si mjane, si mtalaka. Kadhi, mtu mpole aliyejua kusikiliza, aliniambia kwamba mke wa aliyepotea hubaki katika ndoa yake mpaka ipatikane yakini. Nikamuuliza yakini ndiyo nini. Akasema ni maiti, au mashahidi wawili waadilifu walioona kwa macho yao. Haya, maiti ningeitoa wapi mimi?

Wanaume wa barazani kwetu ndio waliozidi kuniharibia. Hao walikuwa na kazi moja tu, kukaa. Mmoja akaleta habari kwamba mume wangu kaonekana Kismayu. Mwezi wa pili yuko Bombay, ana duka. Kisha yuko Unguja, ana mke na mtoto aliyefanana naye kama waliokatwa kwa mkasi mmoja. Mtu mmoja, bandari tatu! Nikiuliza ni nani aliyemwona, naambiwa ni mtu aliyeambiwa na mtu. Waongo wakubwa wale, na kila mmoja na tasbihi yake mkononi.

Mavyaa, yaani mamake mume wangu, akayameza yote. Nilikuwa nikiishi naye nyumba moja, na mwanawe alikuwa huyo mmoja tu. Mwanamke mfupi, mkavu, sauti yake utaisikia kabla hujamwona. Kila aliyetaja kifo alimkatiza, "Mwanangu yu hai." Fundi cherahani mmoja wa Changamwe, mtu mtaratibu aliyefiwa na mkewe, alipotuma mtu kunijongelea, mavyaa alimtoa yule mjumbe mbio na upawa mkononi. "Huyu ni mke wa mtu!" akamfokea mpaka njia panda. Fundi akaniletea salamu kwamba atangoja, ila hawezi kungoja mpaka watoto wake waote ndevu. Sikumlaumu. Nilikuwa kijana bado, na nilijiona nazikwa nikiwa napumua.

Mambo yakageuka siku Mzungu alipopanda na chungu chake akiwa amenuna. Haya nilihadithiwa na kakangu. Kakangu alikuwa serahangi wa tishari lile, ndiye mkubwa wa walioendesha winchi, na ndiye aliyesema na Mzungu kwa simu akiwa chini. Mzungu alikuwa akilalamika kwamba ameshushwa mahali pabaya. Hakuona matumbawe wala hao samaki wake. Aliona mchanga mtupu, na juu ya mchanga mashua mbovu imekaa inamzibia. Kaka akamuuliza ni ya rangi gani. Ya kijani, akajibu, na mbele ina kiraka cha bati. Jioni ile kaka aliingia uani kwetu hata pumzi hajashusha. Kiraka kile mume wangu alikikata kwenye debe la mafuta ya taa akakipigilia mwenyewe, kimekwenda upande, na Likoni nzima hapakuwa na mashua nyingine iliyofanyiwa kazi mbaya namna ile.

Nikaenda kwa kadhi. Akanisikiliza, akasema neno la Mzungu peke yake halimtoshi kuvunja ndoa ya Waislamu, ila wakishuka wanaume wawili waadilifu wakaiona ile mashua na kuitambua, atapata cha kumjibu Mola wake. Kaka akamwomba Mzungu awashushe. Mzungu akakubali upesi, tena kwa furaha, maana alipenda kupigwa picha amesimama na watu wenye vilemba.

Ungedhani basi yamekwisha. Thubutu! Baraza likaanza kujadili, je, aliyeona kwa kioo ameona? Aliyelianzisha ni mwalimu wa chuo chetu cha Kurani. Alisema mwezi mwandamo wazee hawakuutazama kwa darubini, wakiutazama kwa jicho alilowapa Mungu, basi itakuwaje mashua itazamwe kwa kioo, tena majini, na maji ndiyo yanayopinda kila kitu? Aliyasema haya miwani imemkaa puani. Kisha akaivua, akaifuta kwa upindo wa kanzu, akairudisha machoni ili amwone vizuri anayebishana naye. Mimi niko nyuma ya mlango nimeuma kanga nisipasuke. Mwadhini wetu akamjibu kwamba kioo ni kama hewa iliyoganda. Wakabishana Ijumaa, wakabishana Jumamosi, wakanywa kahawa yetu mpaka mashapo. Mwishowe kadhi akatuma neno kwamba mwalimu asome msahafu bila miwani mbele ya wanafunzi wake, halafu alete hoja yake. Mwalimu akanywea. Na kwa kuwa ndiye aliyesema zaidi ya wote, ikambidi yeye na mwadhini ndio washuke.

Walishuka siku za maleleji, upepo umelala na bahari imetulia. Kaka alinihadithia huku ameshika mbavu. Mwalimu aliingia tunduni kichwa mbele, kilemba kikabaki nje. Mlango ukafungwa kwa nati kubwa, zikagongwa nyundo, na mara ndani ya chungu ikasikika adhana, na wala haukuwa wakati wa sala. Walipopandishwa mwalimu alitapika juu ya viatu vya Mzungu. Lakini alipofika mtaani, loo! Alipokewa kama haji. Alitembea taratibu, mkono nyuma, akitusimulia jinsi bahari inavyonguruma ukiwa tumboni mwake.

Kadhi akawaita, akamhoji kila mmoja peke yake. Mwadhini akaapa kwamba ameona mashua ya kijani yenye kiraka, naye anaijua, alishanunua ndizi ndani yake. Zamu ya mwalimu, kadhi akamuuliza kama aliiona kwa macho yake. Mwalimu akainamisha kichwa. Alikuwa amefumba macho tangu nyundo ya kwanza, akisoma Yasini, na akifika mwisho anaanza upya. Hakuthubutu kusema uongo juu ya kiapo, na hilo namhesabia. Lakini jamani! Mtu ushushwe mpaka chini ya bahari, kwa kazi ya kutazama tu, halafu ufumbe macho? Si angejifumbia nyumbani kwake akatuachia nafasi?

Nikabaki na shahidi mmoja, na hiyo ni sawa na kubaki mikono mitupu. Mzungu naye akasema kazi yake imekwisha, tishari linaondoka. Kaka akamwangukia, akapewa mara moja tu, ya mwisho, kesho yake. Basi tutafute mwanamume mwingine mwadilifu. Hapo ndipo mtaa mzima uliposhikwa na homa. Huyu jino, huyu mgongo, huyu bintiye anajifungua Mtongwe, na mmoja akaapa ameota anakatazwa. Nilikaa jikoni nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Nikapaza sauti wanisikie barazani. "Mmeambiwa mkaitazame mashua, hamkuambiwa mkaibebe kichwani!" Nikasikia vikombe vikiwekwa chini polepole.

Mavyaa akatoka chumbani amejifunga kanga kiunoni. "Nitakwenda mimi," akasema. "Nikaione hiyo mashua ya watu mnayomzulia mwanangu." Alikuwa akinitazama mimi, na macho yake yalikuwa makali kama ya kuku mwenye vifaranga.

Kadhi akaelezwa. Kisha akasema huyu mama ndiye anayeshikilia kwamba mwanawe yu hai. Akikiri kwa ulimi wake kwamba ile ni mashua ya mwanawe, basi kukiri kwake pamoja na ushahidi wa mwadhini kutamtosha. Akikana, mlango umefungwa. Yaani maisha yangu yote yakatiwa kinywani mwa mwanamke aliyemfukuza mposaji wangu na upawa! Na kwa kuwa hakuweza kufungiwa ndani na mwanamume asiye maharimu yake, na kakangu ndiye wa winchi, ikawa wa kushuka naye ni mimi.

Mzungu alipotuona wanawake wawili wenye mabuibui alicheka mpaka magoti yakamzidi wekundu. Akatuonyesha chupa ya hewa na bilula yake ya kuifungulia, akatuonyesha visinia vya unga mweupe ambao eti hula pumzi chafu, kaka akitafsiri. Unga huo haufanyi kazi mpaka upepewe. Basi akampa mavyaa kipepeo. Kipepeo hikihiki cha ukili, cha kuwashia jiko, alichokinunua sokoni! Mtu katoka kwao na chuma hicho chote kuja kuishinda bahari, na pumzi yake inategemea kipepeo cha jikoni. Nilimcheka usoni, na hakujua nacheka nini.

Tukaingia. Ndani palikuwa baridi, panatoka jasho la chuma, na nafasi yenyewe magoti yangu yalikuwa kifuani mwa mavyaa. Hatukuwahi kukaribiana vile tangu aliponipokea mlangoni siku ya harusi. Nyundo zikagongwa mpaka meno yakaniuma. Chungu kikaning'inia, kikayumba, maji yakapanda kiooni yakatufunika.

"Pepea vizuri," nikamwambia. "Usipepee kama unafukuza nzi."

"Nimepepea majiko kabla mamako hajaota meno," akanijibu. "Tazama kwako."

Mwangaza ukawa kijani, kisha buluu, na kanga yangu nyekundu ikageuka nyeusi mapajani mwangu. Nikajikagua mikono, nayo si yangu, ni ya maiti. Niliogopa. Niliogopa hata nikasahau kumchukia, nikamshika goti, naye hakuniondoa mkono. Kaka akatuuliza kwa simu kama tuko hai. Nikamwambia asitusumbue.

Kisha mchanga ukaja, mweupe, umelala mistari mistari. Na hapo mbele ya dirisha la mavyaa ilikaa mashua. Ilikuwa imeegemea ubavu mmoja, kama iliyovutwa pwani watu wakaenda kula. Samaki wadogo walikuwa wakiingia na kutoka. Mbele kile kiraka, kimekwenda upande. Ndani hamkuwa na mtu.

Kipepeo kikasimama. Nikakichukua mkononi mwake nikapepea mimi, maana pumzi ilikuwa imeanza kuwa nzito. Mavyaa alikuwa ameweka paji la uso kwenye kioo.

"Mama," nikasema, "ni yake au si yake?"

Nikafikiri, sasa atasema ni mashua ya watu wa Mtongwe. Atasema ni jiwe. Anaweza kusema lolote, na wa kumbishia ni mimi, ambaye neno langu halihesabiwi.

"Rangi hii niliikoroga mimi," akasema mwisho, polepole, kama anayesema na mtu aliye nje ya kioo. "Alitaka buluu. Nikamwambia, baba, kijani ndiyo yenye baraka." Kisha akanigeukia, na kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake akaniuliza, "Nikifa, nani ataniosha?"

Hapo ndipo nilipomwelewa, na sikufurahi kumwelewa. Hakuwa na binti, hakuwa na dada. Siku mwanawe atakapotangazwa maiti, mimi nitakwenda zangu Changamwe kwa fundi, naye atabaki na kuta, mpaka waje wanawake wa mbali wamwoshe mwili bila ya kumjua. Ningesema neno moja tu, "Mimi," na angeniahidi lolote nilitakalo. Sikulisema. Sikutaka kumnunua mwanamke mzee mahali ambapo hana hata pa kuugeuzia uso wake.

"Tazama vizuri, mama," nikamwambia. "Usije ukafika juu ukasema kioo kimekudanganya."

Akatazama. Alitazama mpaka kaka akaanza kupiga kelele kwenye simu kwamba chupa ya hewa inakwisha. Nikamwambia tuvute.

Tukapandishwa. Tukashuka tisharini. Mzungu alimuuliza kupitia kwa kaka kama amependa samaki, naye akampita kama anayepita nguzo. Tulipofika nyumbani tulikuta baraza imejaa. Wote walikuwapo, wenye homa, wenye meno, hata yule aliyekatazwa na ndoto, wamepona kwa pamoja ili waje kusikiliza. Kadhi alikuwa kati yao. Akamkaribisha mavyaa kwa heshima, akamuuliza ameona nini.

Nilimtazama mdomo.

"Ni mashua ya mwanangu," akasema. "Rangi niliikoroga kwa mkono huu. Iko chini, nje ya mwamba, na yeye hayumo. Mwanangu amekufa. Huyu mfungulieni, aende."

Neno hilo nililitafuta miaka. Nililihangaikia kwa kadhi, kwa kaka, kwa Mzungu, nikalifuata hata chini ya bahari. Nilidhani siku nitakayolisikia nitavuta pumzi nikanyanyuka kama aliyetuliwa mtungi. Haikuwa hivyo. Maana mpaka saa ile hakuna aliyelitamka. Tulikuwa tukisema mashua, tukisema kiraka, tukisema yakini na mashahidi, na mimi mwenyewe nikisema hivyohivyo, kama kwamba ni kesi ya mpaka wa shamba. Amekufa. Yule aliyekuwa akinipikia uji nikiugua, akiuunguza, akanilazimisha niusifu. Nikaanguka palepale kizingitini nikapiga ukemi, na sauti iliyotoka sikuijua kuwa ni yangu.

Mwalimu akaanza kuisoma Fatiha, macho kayafumba kama kawaida yake. Wanaume wakainua mikono.

Mavyaa akaniinamia. Hakunikumbatia, hakuwa mtu wa hayo. Akanitia mkono kwapani akanivuta.

"Inuka," akaniambia, na machozi yalikuwa yakimshuka bila yeye kuyafuta. "Wenye matanga haya ni mimi na wewe tu, na hata maji ya kahawa hatujateleka."

Nikainuka. Nilipogeuka kwenda jikoni niliwaona wale wanaume wamekwisha vua viatu, wamekwisha jipanga mkekani, wanangoja vikombe.